Wekundu Nyuma ya Jicho la Mbuzi

Mimi ndiye niliyemchukua mbuzi wa mama yangu, na sitaki mtu anitetee. Nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye kituo cha mifugo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kijijini kwetu upande wa Ikungi, na kwa sababu ya koti jeupe nilijiona mtu kweli kweli.

Mtaalamu aliyetumwa kituoni alikuwa na swali moja. Mtoto wa mbuzi akiwa tumboni, ni mwezi gani retina yake, ile ngozi nyembamba nyuma ya jicho, huanza kuwa na protini inayonasa mwanga? Protini hiyo ina wekundu wake, lakini ni nyonge ajabu: ukiipiga mwanga inapauka hapo hapo. Kwa hiyo nilipasua macho ndani ya stoo iliyozibwa kila tundu kwa magunia, nikimulikiwa na taa nyekundu tu, ambayo haiidhuru. Nikishaandaa sahani, ndipo yeye huja, huwasha tochi nyeupe, hutazama kama wekundu upo, huandika. Machinjioni mimba hazikukosekana, lakini nani ajue ni za lini? Alitaka ya miezi minne, yenye ushahidi.

Mama alikuwa nayo, tumboni mwa mbuzi wake. Beberu alimwazima kwa jirani, na siku hiyo akachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango. Kisha akaongeza mmoja kila mwezi ulipoandama. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa mbuzi wake walikuwa wamekufa mmoja mmoja, akabaki huyo. Mke wangu naye alikuwa amefariki kwenye uzazi, akaniachia binti, na mama akawa anamlea kwa uji wa mtama wa maji maji. Mtoto alikuwa amekonda hadi shingo haishiki kichwa. Tulichongoja ni mbuzi azae, maziwa yapatikane.

Mtaalamu aliniahidi kwamba nikimpa huyo, wiki ijayo atanitolea mbuzi wa kituo anayekamuliwa tayari. Nikaamini. Mjinga mimi! Wiki ijayo ya ofisini ni ndefu kuliko kiangazi. Kwa mama nilidanganya: "Anakwenda kupimwa tu, mama. Keshokutwa namrudisha."

Tumboni walikuwamo mapacha. Saa tano asubuhi nilikuwa stoo, macho manne yameshapasuliwa, retina zimetandazwa kwenye sahani, mtaalamu yuko njiani. Nikasikia, "Hodi." Sauti ya mama, amemfuata mbuzi wake. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Kwetu mgeni asipoitikiwa hodi ya tatu hugeuza, na akigeuza, basi umemfukuza. Mama mzazi, ametembea tangu alfajiri! Kumwambia asubiri nje nami nimejifungia ndani, ulimi ulikataa. Nikafungua.

"Shikamoo, mama."

Jua likaingia pamoja naye. Nikageuka, lo! Retina zote nne zilikuwa nyekundu, wekundu wa maji ya zambarau. Ipo! Nikiwa natazama hivi hivi zikawa za manjano, kisha nyeupe. Mama, mtoto mgongoni, aliitazama sahani, akaitazama ndoo yenye kichwa cha mbuzi wake.

"Walikuwa wawili," alisema.

Mtaalamu alipofika nilimwambia, "Nimeiona, bwana. Ilikuwapo."

"Mimi sijaiona," akajibu.

Mama akasema naye ameona wekundu. Hakumwandika. Aliandika kwamba sampuli imeharibika. Nilipouliza habari ya mbuzi wa kituo, akasema kibali kimekwama wilayani, na hakikukwamuka kamwe. Nilimchukia, nikajichukia zaidi.

Mama alirudi kijijini kwenye uji wake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Binti yangu alikufa mwezi ule ule ambao mbuzi angezaa. Jamaa walikuja na majembe kuchimba kaburi, kama ilivyo desturi, mfiwa akae kitako apewe pole. Mama akawazuia. Akachukua jembe moja, akaninyooshea.

"Chimba wewe," alisema.

Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu. Nilichimba hadi mchana, watu wote wamesimama wananitazama, na hakuna aliyenipokea jembe.