Elektroni Ilipomwamkia Mwalimu Mkuu

Siku yangu ya kwanza katika Chama cha Sayansi cha shule yetu, hapa Msambweni, nilikabidhiwa ufagio. "Profesa, anzia pale kwa buibui," aliniambia Mwenyekiti wa wakati ule. Nilikuwa kidato cha kwanza. Leo niko cha nne, mzee mzima, nastaafu. Nanyi wadogo zangu mkinipita bila shikamoo, radhi sitoi.

Zamani zetu kazi ilikuwa kazi. Bosi wangu, Mwalimu wa Fizikia, mtu wa bara, alitaka tuigize kisima cha kwanta: tabaka jembamba mno la nusu-kipitishi, jamii ya vile vitu vilivyomo ndani ya redio, lililobanwa baina ya matabaka mengine mawili. Elektroni ikinaswa humo, haitoki kirahisi. Inabeba spini, tuseme mshale mdogo unaoelekea upande fulani. Imezungukwa na viini vya atomi, navyo vina mishale yao.

Mwalimu Mkuu naye alikitaka chumba chetu kiwe stoo ya mahindi. "Nionyesheni kitu Ijumaa," alisema. "La sivyo, Jumatatu magunia yanaingia."

Ijumaa tukapanga mabenchi, yakawa kuta za kisima. Wenzangu wakaketi ndani, wakawa viini. Mwanasiti akawa elektroni: apite katikati yao mkono umenyooka, ndio mshale wake, kila kiini kiuguse, nao ugeuke kidogo kidogo. Mwalimu Mkuu akaingia, akakosa kiti, akajikalia miongoni mwa viini, ametugeuzia mgongo.

Mwanasiti alipomfikia, mkono ukashuka wenyewe. Nani atampita mtu mzima amenyoosha mkono kama askari wa barabarani? Akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Mkuu akageuka mzima. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Wee Siti, umeharibu stori yote!" Mwalimu wa Fizikia akashika kichwa.

"Hajaharibu!" nikaropoka. "Elektroni imegeuka, na kiini nacho kimegeuka! Ndivyo vinavyopokezana spini. Baada ya viini vingi, elektroni husahau kabisa ilikuwa ikielekea wapi."

"Yaani kiini ni mimi?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Ndiyo, mwalimu. Tena umemshinda kiini mwenzako, Hamisi. Yeye amelala."

Alijikaza asicheke, akashindwa. "Rudieni tena, nione vizuri. Mahindi tutayatafutia pengine."

Sasa nimewaachia chumba. Nikipita dirishani nawasikia mkigombania nani awe elektroni. Gombaneni tu. Kiini mnaye, huja mwenyewe kila Ijumaa bila kuitwa.