Kompyuta Iliyopona Kila Mkwe Alipofika

Mwanangu, weka hiyo bisibisi chini kwanza. Naona umeshafungua kifuniko cha mashine ya watu na mwenyewe hujamuuliza hata swali moja. Nami nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa kijana wa umri wako, nimekaa nyuma ya pikipiki kutoka karakana yetu ya Muhima kwenda mtaa wa Batsinda, nimekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ilikuwa mara ya tatu kuirudisha kwa mwenyewe, na dereva alikuwa ameshanizoea. Akaniuliza kama mgonjwa amepona. Nikamjibu amepona kabisa, maana siku hizo mdomo wangu ulikuwa unatangulia kufika kuliko mimi.

Mwenye kompyuta alikuwa mama yake Klodine, na Klodine alikuwa mchumba wangu. Mimi nimekulia Tanzania, Kinyarwanda changu kilikuwa kinachechemea. Wao walikulia Bujumbura. Basi tukakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Siku ya gusaba, yaani siku ambayo wazee wetu wangekwenda kumwomba binti rasmi, ilikuwa imeshapangwa, imebaki majuma machache. Hapo ndipo Klodine alipomwambia mama yake kwamba mchumba wake ni fundi wa kompyuta.

Mama alikuwa katibu wa kwaya ya parokia, na kazi yake kwenye mashine ile ilikuwa moja tu, kuandika nyimbo. Hakucheza michezo wala hakuangalia filamu. "Inabloka," aliniambia. "Niko naandika ubeti wa pili, inabloka. Kipanya kinakataa, herufi zinakataa, hata saa yake iko inasimama. Siku ingine naandika mpaka jioni hakuna shida. Sijui inataka nini."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni nusu saa tu." Ningejua, ningeng'ata ulimi.

Nikaketi mbele ya mashine, nikaandika, nikafungua hiki na kile. Haikuganda. Nikaibeba hadi Muhima, nikaiwashia filamu tatu kwa pamoja kutwa nzima, feni ikanguruma, lakini haikuganda. Nikaona bora nibadilishe kitu, kwa kuwa fundi asiyebadilisha kitu huonekana hajafanya kazi. Nikabadilisha memori, nikairudisha. Baada ya siku nne Klodine akanipigia simu: imeganda, akaniletea Muhima. Nikabadilisha kile kisanduku cha umeme, nikairudisha. Ikaganda. Mara ya tatu nikafuta programu zote nikaweka mpya, na katika kufuta huko nikafuta na wimbo mmoja wa Pasaka ambao sikuona umewekwa wapi. Kwaya iliuimba kwa kukumbuka, wengine ubeti huu, wengine ubeti ule. Mpaka leo kuna mzee wa besi akiniona anaguna.

Sasa sikiliza kitu kilichonichanganya. Kila nilipokwenda Batsinda, mashine ilifanya kazi kama malaika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini sikujua kwamba walikuwa wanazungumzia hata kompyuta. Nikiondoka, kesho yake au keshokutwa, inaganda. Mvua ikinyesha juma zima, haigandi. Jua likiwaka na vumbi la barabara likianza kupanda, inaganda tena. Nikatunga nadharia kuhusu mvua na umeme, nikawaeleza mafundi wenzangu, nao wakatikisa vichwa kwa heshima.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa, mwanangu, si la mashine. Nilimwambia Klodine, "Mimi kila nikija ni nzima. Nadhani mama yako anabonyeza vibaya."

Neno halina mguu lakini lilifika Batsinda kabla yangu. Nyani haoni kundule. Mama hakunigombeza, ni mtu wa heshima. Alimwambia tu binti yake, na binti akaniletea neno hilo zima zima, huku analia: "Huyo kijana akishindwa kompyuta anasema ni mimi. Kesho akishindwa nyumba, atasema ni wewe. Wazee wao wangoje. Hiyo mashine ikae juma moja bila kubloka, ndiyo nitajua anajua kutafuta kosa pahali liko."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Mjomba wangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, alikuwa ameshaanza kufanya mazoezi ya hotuba. Ningemwambia nini? Kwamba mke amekwama kwenye ubeti wa pili?

Nikapiga simu, nikaomba kwenda. Kwetu mkwe hafiki ghafla, wewe unajua. Ukienda ukweni bila taarifa, umewakuta watu na mambo yao, na huo ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo kila safari nilitoa taarifa siku mbili kabla, na kila safari nilikuta nyumba inang'aa, vitambaa vya viti vimefuliwa, vingine bado viko kwenye kamba uani. Kimoja kilikuwa kikubwa ajabu, cha sufu nzito nyeupe yenye maua mekundu, na ndani kimeshonewa kitambaa kingine. Nilikuwa nainama kupita chini yake kila nilipokwenda. Nilikiinamia mara nne, mwanangu, na tatizo lilikuwa pale pale kwenye pua yangu.

Siku ile Mama alinikaribisha kwa sauti ya baridi, akaenda jikoni kuandaa chai. Nikabaki sebuleni na bibi yake Klodine, ambaye wote tulimwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kinyarwanda. Alikuwepo kila mara nilipokuja, amekaa kwenye mkeka karibu na meza, anachambua maharage kwenye ungo. Nami kila mara nilimsalimu haraka nikampa mgongo, nikaifuata mashine. Leo sikuwa na pa kuanzia. Nikatoka kwenye kiti, nikakaa naye mkekani, nikachambua maharage.

Nikatoa vijiwe viwili vitatu. Kisha nikasema, "Nyogokuru, wewe unashinda humu. Hii mashine ikiganda, inakuwaje?"

Aliacha ungo, akanitazama. "Yewe, mwana. Mara ngapi umekuja hapa?"

"Mara nne, na leo ya tano."

"Mara nne, na leo ndiyo unauliza." Akacheka mpaka akapangusa macho. "Hii mashine iko inalala wakati wanaivika nguo. Ni kama kuku. Ukifunika kuku na kikapu, si analala? Mama Klodine anaogopa vumbi, anaivika ile nguo yake mpaka chini, anaacha uso tu na pahali pa kuandika. Inapata joto, inalala. Mvua ikinyesha hakuna vumbi, haivikwi. Mgeni akikuja, nguo inavuliwa inafuliwa. Sasa wewe utaiona inalala siku gani?"

Nikabaki na harage mkononi. Feni ilikuwa inavuta hewa kupitia sufu na bitana. Nikamuuliza mbona hakusema siku zote hizo.

"Oya, hapana, mimi nilifikiri munailaza kwa kusudi," alisema. "Ili ipumzike."

Nilitaka kukimbilia jikoni nipige kelele kwamba si mimi, ni kitambaa. Nyogokuru akanishika mkono. "Hiyo nguo aliifuma mwenyewe miezi minne. Ukienda kumwambia kosa ni lake mara ya pili, hapa hutaoa. Anza na kosa lako. Unalo, liko kubwa."

Mama alipoingia na chai, nilisimama. Nikamwambia, "Mama, nimekosa. Nilisema neno baya juu yako, na mashine sikuijua. Ilinipasa nikuulize siku ya kwanza, sikuuliza. Naomba nione unavyofanya kazi siku ambayo sipo." Akaweka chai mezani, akaenda uani, akarudi na kile kitambaa, kimeshakauka. Akaivika mashine, akaanza kuandika, nami nikakaa pembeni. Ubeti wa pili haukuisha. Saa ikasimama. Nikachukua mkono wake taratibu, nikauweka juu ya kitambaa, akasikia joto mwenyewe. Nyogokuru alikuwa anachambua maharage kwa bidii kubwa.

"Bambe, masikini," alisema Mama polepole. "Nilikuwa naifunika pumzi." Kisha akacheka, na mimi nikapata ruhusa ya kucheka.

Akakifumua nyuma na pembeni, akakiacha kifunike juu tu. Juma likapita bila kuganda, na la pili likapita. Wazee wetu wakaenda. Siku ya gusaba mjomba wangu alinisifu mpaka nikajisikia kama mtu mwingine, akasema kijana wetu ana akili, ana kazi, anajua kila mashine. Upande wa pili, kabla msemaji wao hajafungua kinywa, Nyogokuru akainua mkono. "Hajui kila mashine," alisema. "Anajua kuuliza. Imemchukua mara tano, lakini anajua. Mpeni."

Nikapewa. Ndiye huyo mama yako anayetuita tukale.

Basi shika haya, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Kabla hujafungua mashine, muulize anayeishi nayo, na umuulize pia yule aliyekaa pembeni ambaye hakuna anayemuuliza, kwani penye wazee haliharibiki neno. Mashine ikiwa nzima mbele yako na ikawa mgonjwa nyuma yako, jichunguze wewe umeleta nini ulipoingia. Usimtupie mteja kosa ambalo hujalitafuta. Na ukiligundua kwake, anza na lako, utapata njia ya kupita.

Mungu akupe mikono mitulivu na masikio marefu kuliko mdomo. Akupe mkwe mwenye subira, na mzee wa kukucheka kabla hujachelewa. Sasa mrudishe yule mteja, mpe kiti, umuulize.