Makopo Mawili ya Baba Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani uzee umenipanda kichwani. Ni siku ambayo baba yangu alisimama nyuma ya nyumba yetu, kopo mkono wa kulia, kopo mkono wa kushoto, anakohoa kama mgonjwa wa kifua, na kifua chake kizima kabisa. Mimi nilikuwa ndani, mwali, siruhusiwi kuonwa na mwanamume wala sauti yangu kusikika nje. Sogea karibu nikueleze alikuwa anatafuta nini.

Kwetu ni Vihingo, huku Kisarawe. Wakati ule ni wa Mwingereza, vita kubwa imekwisha, lakini nguo na sukari bado ni za shida. Baba yangu, Kibwana, alikuwa mpaka rangi. Wenzake walilima, yeye alilima kidogo na kupaka sana: milango, vitanda vya maharusi, masanduku ya nguo, mbao za juu ya maduka. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akichora asumini, utatamani kuinusa. Lakini wanaosema chema chajiuza hawakumjua baba yangu. Wenye uwezo waliagiza vitu vyao Dar es Salaam, na wasio na uwezo walimlipa kuku, tena kuku wenyewe wazee kuliko mimi. Paa letu lilivuja kila masika, na mama alikwisha kuacha kulalamika. Nadhani ule ukimya wake ulimuuma baba kuliko maneno.

Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, na kila baba alikokwenda kufanya kazi nilikuwa naye. Watu walinisifu: tazama binti mtiifu, anamshikia baba yake makopo. Wasijue kwamba jicho la baba halikutenganisha nyekundu na kijani. Kwake yeye damu na jani la muhogo vilikuwa rangi moja, rangi fulani ya udongo. Niligundua nikiwa mdogo, siku aliponiuliza kwa sauti ya chini kopo lipi ni lipi, nikadhani ananitania. Alipoona nimeelewa, akaniomba nisimwambie mtu, hata mama. Tangu hapo yeye alinyoosha mkono tu, nami nikamwekea kopo linalotakiwa. Nilijiona mtu mkubwa sana, mwanangu. Hakuna kinachomvimbisha mtoto kichwa kama siri ya mzazi wake.

Ndipo ikaja kazi ya Kibaha. Mzee mmoja mwenye minazi mingi alikuwa anamwoza binti yake, akataka kitanda cha harusi kipakwe maua mekundu na majani yake ya kijani. Harusi yenyewe ingewakusanya watu wa Kisarawe, wa Kibaha na hata wa mjini, na desturi yetu unaijua, kitanda cha bibi harusi hutazamwa na kila mwanamke anayeingia. Kikipendeza, baba hatakosa kazi tena. Akikosea, maua yakawa ya kijani na majani mekundu, basi atakuwa kichekesho cha watu wote wa njia ya Morogoro, na jembe litakuwa linamsubiri nyumbani. Tulikwenda pamoja mara ya kwanza, tukapaka rangi ya chini, nyeusi, tukaiacha ikauke. Maua yangefuata.

Kabla hatujarudi Kibaha, nikavunja ungo.

Siku hizi mtaniona nasema mambo ya kale, lakini kwetu Wazaramo msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Hukaa na kungwi wake, hufundwa mambo ya utu uzima, na haonekani na mwanamume, hata baba yake, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Tena nyakati zile mtu alikaa ndani miezi na miezi. Kungwi wangu alikuwa Shangazi Mwantumu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona mpaka nyuma yake. Baba alipoambiwa alifurahi, maana kila baba hufurahi. Lakini hakuweza kuomba nisubirishwe kidogo, kwa sababu angeulizwa kwa nini.

Sasa rudi pale nyuma ya nyumba. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo na fito, na ulikuwa na ufa. Shangazi alikuwa amelala mkekani, au mimi nilidhani amelala. Baba akakohoa, nikachungulia. Akainua kopo la kulia, nikagonga ukuta. Akashusha, akainua la kushoto, nikagonga tena. Baba akakuna kichwa. Hatukuwa tumepatana kugonga maana yake nini. Akarudia, la kulia, la kushoto, nami nagonga kwa bidii zaidi, nikidhani hasikii, mpaka udongo ukaanza kumwagika.

"Nyekundu ni la kulia?" Shangazi akauliza nyuma yangu, taratibu, amefungua jicho moja tu.

Nikageuka. Nikaitikia kwa kichwa, maana mwali hasemi ovyo. Nikangoja kofi. Halikuja. Shangazi akainuka, akakaa, akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitia machozi. Akaniambia kwamba amelijua jicho la baba yangu kabla mimi sijazaliwa. Walipokuwa watoto, mama yao alimtuma baba kuchuma pilipili zilizoiva, akawa anarudi na mbivu na mbichi pamoja, akipigwa kila mara kwa utundu ambao hakuufanya. Ndipo yeye Shangazi akaanza kumchumia kwa siri. Alimchumia mpaka alipoolewa.

"Nilidhani namsaidia," akasema. "Nilipoondoka nikamwacha hana jicho, na ulimi wa kusema hana. Sasa nakuta amekushika wewe. Sikiliza, mwali. Kumsaidia mtu ni jambo moja, kumficha ni jingine. Wewe kesho utaolewa. Utakwenda na baba yako kwa mumeo, ukamfiche ndani ya kanga? Mficha uchi hazai."

Nililia, na sikulia kwa sababu nzuri tu. Ile siri ilikuwa yangu, ndiyo iliyonifanya niwe mtu mbele ya baba, na sasa nilikuwa naambiwa niiachie. Niliona wivu, mwanangu. Lakini nilijua maneno yale ni ya kweli.

Shangazi akatoka nje. Ukuta wenye ufa hauzuii kitu, nikasikia yote. Hakumkaripia. Alimwambia aende Kibaha, aeleze hali yake kwa wenye kazi, aombe mtu wa kumshikia makopo.

"Watanicheka, dada," baba akasema.

"Watacheka. Halafu watachoka."

Nikasikia baba anafunga makopo yake kwenye baiskeli. Siku ile sikula kitu. Nilikaa nikimwona kwa mawazo amesimama katikati ya ua wa watu, anatolewa kama mwizi.

Aliporudi alikaa barazani, akamsimulia mama kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, nami nikajua anausimulia ukuta. Alimkuta bibi wa yule bibi harusi amekaa mlangoni anatafuna tambuu. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema yake yote kabla hajapoteza ujasiri. Bibi akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akaagiza kigoda, akayaweka makopo mapajani mwake, akamwambia baba kwamba yeye ana miguu isiyotembea, na mwenzake ana macho yasiyochagua, basi wakae pamoja wafanye mtu mmoja. Wakapaka hivyo siku nzima, bibi akionyesha kwa kidole na akisahihisha hata yasiyomhusu.

Mama naye ndiyo kwanza alikuwa anayasikia. Akasema kumbe ndiyo sababu miaka yote baba anamletea nyanya mbichi. Akacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka namna ile tangu nilipokuwa mdogo, na nilikaa kule ndani, mkono mdomoni, machozi yananitoka kwa furaha.

Kitanda kilipendeza. Kazi zilikuja, si mafuriko, lakini paa liliezekwa upya, na hao waliomcheka baba walichoka kweli, kama alivyosema Shangazi.

Siku yangu ya kutolewa ilipofika, ngoma zikalia, wanawake wakapiga vigelegele, nikatolewa nje nimeinamisha kichwa, nikakalishwa juu ya kigoda kipya. Baba alikipaka mwenyewe. Kilikuwa cheusi, cheupe, cha manjano na cha buluu. Hapakuwa na nyekundu, hapakuwa na kijani, na hakuna aliyemshikia kopo. Alipaka rangi anazoziona yeye. Tangu utoto wangu nilikuwa nimempa baba macho yangu, na siku ile, mbele za watu, akanipa yake. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile, na nimeona mengi.

Baadaye tulifanya kazi pamoja mpaka mkono wake ulipochoka, kila mtu na brashi yake, nyekundu na kijani zikiwa zangu waziwazi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukimpenda mtu, usiwe ukuta anaojificha nyuma yake. Mshike mkono, mtoe nje, simama naye wakimcheka. Na likiwa ni lako wewe usiloliweza, liseme mapema, kwa mtu mwenye kigoda na nafasi ya kukaa. Mungu akujalie macho ya kutosha, na yatakapoishia, akujalie ulimi. Na asikunyime shangazi wa kulala jicho moja wazi. Amina.