Debe la Bukima na Pipa la Kamba

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Mahindi yaliletwa na meli kutoka nchi za watu, yakagawiwa kwa foleni, na ugali wake hata ukiusonga namna gani ulibaki mtamutamu kama uji wa mtoto. Sabuni hakuna, chumvi ya kubahatisha, kitenge unakiona kwa jirani. Lakini kitoweo kwetu Butiama tulikuwa nacho. Sijisifu bure. Tulikuwa nacho kwa sababu ya lambo.

Lambo lilikuwa la baba mkwe. Alizuia kijito kwa mawe na udongo ili ng'ombe wasitembee mbali wakati wa jua, na samaki wa kijito wakabaki humo: ngege, furu, na kambare mmoja mmoja. Ng'ombe walikuwa wa baba mkwe, samaki walikuwa wa mama mkwe. Kila Jumamosi alasiri aliingia kwenye maji ya kiunoni na kikapu chake cha mdomo mpana, akakipitisha chini ya majani ya pembeni, akainua. Furu wanarukaruka humo kama mbegu kwenye ungo. Wadogo aliwarudisha. Jumapili tukitoka kanisani, tunakula.

Mimi nimezaliwa Bukima, ziwani kabisa, na nilikuwaga na kiburi cha watu wa ziwa. Lile lambo niliona ni dimbwi la kuoshea miguu, na furu wa mle ni chakula cha paka. Mdomo wangu haukusema, lakini uso ulisema, na mama mkwe alikuwa na macho.

Mwaka huohuo nilikwenda nyumbani kusalimia wazazi. Kwetu mwanamke aliyeolewa harudi kwa mume mikono mitupu. Wenzangu walikuwa wakirudi na samaki wakavu kwenye kapu. Mimi nikasema nitarudi na walio hai, ili watu wajue nimetoka wapi. Kaka yangu alikuwa mvuvi wa kokoro, wavu ule wa kuvutwa mpaka ufukweni, na siku zile nyavu zilikuwa zimeanza kuleta sangara, samaki tuliyekuwa hatujamzoea. Wazee walimkataa, wakasema ana mafuta kama nguruwe. Mimi niliona ukubwa wake tu. Nikachagua vitoto vya urefu wa kidole, nikavitia kwenye debe la maji.

"Dada, hao wanakula wenzao," kaka akaniambia.

"Nani halagi?" nikamjibu.

Nikaweka tawi la majani juu ya maji yasimwagike, nikajitwika. Nilipanda lori la pamba mpaka Musoma, watu wamekaa juu ya magunia, mimi nimepakata debe kama mtoto mchanga. Pale Musoma nilishuka ziwani kubadilisha maji. Njiani kwenda Butiama nikabadilisha tena, maji ya kisima cha watu nisiowajua, na mwenye kisima alinicheka mpaka akakaa chini. Walikufa wachache. Waliobaki niliwamimina lamboni familia nzima ikiwa imesimama, nikapigiwa vigelegele.

Mama mkwe peke yake hakupiga. Aliinama, akawaangalia wanavyotawanyika.

"Mwanangu, hawa wanakula nini?"

"Mama, samaki anakula maji."

Nimejibu mambo mengi ya kijinga maishani, lakini lile ndilo linalonirudia kila ninapoparua samaki.

Hazikupita mvua mbili. Kikapu kilichokuwa kinainuka na furu wa kujaza sufuria kikaanza kuinuka na wa kujaza kiganja. Ngege wakapotea. Sangara wenyewe hawakushikika kwa kikapu, walikaa katikati kwenye kina, wananenepa. Jumamosi moja mama mkwe alizunguka lambo lote, akainua majani na konokono tu. Akatoka, akakung'uta kikapu, akakifunika juu ya kihenge kichwa chini miguu juu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wageni wako wamemaliza chakula."

Angenipiga ningeona nafuu. Tukala ugali wa njano kwa mlenda, Jumapili pia, na kikapu kikashika utando wa buibui pale juu, kila nikichota nafaka nakiona.

Kilichonisaidia ni ukame, Mungu anisamehe kusema hivyo. Lambo lilikauka likabaki tope la katikati, na sangara ndio waliotangulia kufa, wanene, matumbo juu, ng'ombe wakakataa kukaribia. Niliwatoa mimi kwa mikono yangu, nikawafukia. Mvua ziliporudi, kijito kilileta ngege wawili watatu kutoka madimbwi ya juu, halafu furu. Hatukuwagusa muda mrefu sana. Siku mama mkwe aliporidhika, alishusha kikapu, akakipangusa, akanipa mimi.

"Sasa ingia wewe," akasema.

Hilo lilikuwa kubwa kuliko mahari. Alipofariki, kikapu kilikuwa kwangu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ikaja miaka ya mapanki. Mambo yamefunguliwa, sabuni iko ya kila rangi, viwanda vya minofu vimejengwa mjini, na yule sangara aliyekataliwa na wazee anapanda ndege. Mnofu unaondoka, sisi tunabaki na kichwa na mgongo, tunakaanga, tunamshukuru Mungu. Mimi mapanki nilikula, ni matamu. Lakini Jumapili nyumbani kwangu zilikuwa za furu na ngege, na wajukuu wangu wa kwanza walikua kwa supu yake, meno yao mpaka leo yanang'aa.

Miaka hiyo alikuja bwana samaki na pikipiki yake, kijana wa serikali, mpole. Akatukusanya kwenye ofisi ya kijiji, akasoma sheria. Samaki aliye hai, mayai yake, kamba, kaa, konokono wa majini, usilete kutoka nje ya nchi bila kibali. Hata humu ndani, usimtoe kwenye maji haya ukamtia kwenye maji yale bila ruhusa. Nikanyoosha mkono.

"Sheria hii ilikuwa wapi siku napanda lori na debe?"

"Ilikuwepo, mama. Ila mimi ndiyo sikuwepo."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naihesabu miaka ya mlenda.

Haikupita muda, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja na pikapu ya kukodi. Yeye anakaa Kamunyonge, Musoma mjini, mfanyabiashara, maneno mengi. Nyuma ya gari kuna pipa la plastiki la buluu. Akafungua mfuniko kama anafungua sanduku la bibi harusi. Ndani kuna wadudu wekundu, wana miguu mingi na makucha mawili kama koleo, wanapandana.

"Kamba hao, shemeji. Kamba wa maji baridi. Nimewatoa Kenya, nimepita nao mpakani Sirari chini ya kabichi. Hoteli zinawalilia. Tuwatie lamboni wazaane."

"Kibali kiko wapi?"

"Eti kibali. Lambo ni la baba yangu, nimwombe nani?"

"Lambo la baba yako, kikapu cha mama yako. Alinipa mimi, hakukupa wewe."

"Unaogopa mdudu wa kidole?"

"Mimi nilileta wa kidole. Ukala mlenda mpaka ukaacha kutaka kukaa mezani."

"Nilikuwa mtoto."

"Ndiyo maana umesahau ladha yake."

Wakati tunabishana, kamba mmoja akapanda juu ya mwenzake, akadondoka chini, akaanza kutembea. Wala hakubabaika. Alishika njia ya majini moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kwake. Nilimfunika kwa kikapu hatua chache kabla ya tope, nikakaa juu yake. Niliposikia anavyokwaruza chini yangu, nikajua atatoka kwenye lambo kama alivyotoka kwenye pipa, ashuke na kijito, afike mpaka ziwani kwa kaka yangu. Nikamwambia shemeji, "Akifa nitampika. Akiwa hai haingii."

Alinuna. Alikaa kivulini akitegemea nitachoka. Jua likapanda, maji ya pipa yakawa ya moto, kamba wakaanza kulegea. Mimi nikainjika sufuria. Nilivyowachemsha wote kwa chumvi, harufu ikamfuata pale alipo, akaja, akala kuliko watu wote, huku analaani. Ni watamu, sikatai. Na kwa kuwa kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu, nilimjazia pipa lake viazi vitamu mpaka juu, watu wake wa Kamunyonge wasiseme nina roho mbaya.

Nilifikiri yameisha. Baada ya miezi akarudi na bwana samaki, safari hii kwa adabu, ana karatasi. Alikuwa ameomba kibali kama sheria inavyotaka, nami nilimheshimu kwa hilo. Bwana samaki akakaa kwenye kigoda, akafungua kalamu.

"Mama, hapa wanataka neno la mtunza maji. Ukikubali, ombi linapanda juu, wataalamu wapime. Ukikataa, linaishia hapa."

"Shemeji, sasa ni halali," shemeji akasema, sauti chini. "Nimeuza mashine ya kusaga kwa ajili ya hili. Nihurumie."

Ilinigusa. Alikuwa ni yule mtoto niliyemnyima furu kwa debe langu. Niliangalia lambo, ngege wanavunja maji pale karibu na majani, na kikapu kiko mlangoni hakijakauka.

"Viazi nitakupa kila msimu, na mahali pa kufunga mashine nyingine hapa kijijini nitakupa," nikamwambia. "Hilo lingine hapana."

"Niandikeje, mama?" bwana samaki akauliza. "Niandike hakubali?"

"Andika nilivyosema mimi, usinipunguzie. Akifa nitampika. Akiwa hai haingii."