Kadi Haikutaja Jikoni

Kwanza niseme mazuri yake, maana nikianza na mabaya sitarudi. Mwenye ploti yetu ya Kawangware, mama aliyetupangisha chumba, hakuwahi kunitolea vitu nje kodi ikichelewa. Binti yangu alipougua surua, alimletea uji kwa jagi yake mwenyewe, ile ya maua. Hayo ni kweli, nimeyaweka hapa juu ili yasipotee.

Sasa ile Jumapili. Wageni wafadhili walikuwa wamekuja kanisani, kwa hivyo matangazo yakasomwa kwa Kizungu peke yake. Mimi niliachia shule darasa la nne, kule kwetu kando ya ziwa. Nilimwona mama mmoja akiandika kitu kwenye kiganja cha mkono. Kando yangu alikaa mwenye ploti, mwenyekiti wa akina mama, anatikisa kichwa kukubali kila mstari kama mtu anayekunywa supu tamu.

“Wanasemaje, mama?” nikamnong’oneza.

“Ni mambo ya kwaya tu. Tulia.”

Nikatulia.

Siku tatu baadaye, kwenye mfereji wa maji, jirani akaniuliza kama jina la binti yangu lilipokelewa. Jina gani? Kumbe watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanatafutiwa wa kuwalipia shule, na majina yalitakiwa ofisini Jumapili ileile, baada ya ibada. Nilikimbia na kandambili mkononi. Orodha ilikuwa imefungwa.

Mwaka mzima binti yangu alikaa mlangoni akiangalia sare za wenzake zikipita. Alipoingia shule hatimaye alikuwa amewapita wote kwa kimo. Walimwita “mathe”, yaani mama. Alirudi akaniuliza kama yeye ni mzee.

Lazima niseme pia kwamba mwenye ploti hakupeleka mtoto yeyote wa kwake kwenye ile orodha. Hakupata faida. Nilijaribu sana kutafuta faida aliyopata, nikaikosa, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Tulihamia mtaa wa Laini Saba. Asubuhi nikawa nauza chapati kando ya reli, mchana nikaingia gumbaru, shule ya watu wazima, na wamama wengine waliochoka kama mimi. Tulisoma matangazo ya kanisa, ya hospitali, ya baraza. Halafu tukasoma mialiko. Mwalimu wetu, mama mkali mstaafu, alikuwa anagonga meza: “Mwaliko ni swali! Ukiulizwa unanyamaza? Kubali au kataa, lakini ujibu kwa heshima.” Nilinakili majibu yote mawili mpaka vidole vikauma.

Ndipo mwenye ploti akaja mwenyewe mpaka kibandani kwangu, na kadi ya harusi ya binti yake. Kadi nzito, herufi za dhahabu, Kizungu kitupu.

“Mama Chapati! Umenenepa, eh? Hewa ya reli imekukubali.” Akacheka. “Haya, si unajua kazi yako. Saa kumi na moja alfajiri, na leso yako. Watu ni mia mbili.”

Sisi wa hali yangu tulikuwa tunapewa kadi hivyo. Unaisifu, unaitundika ukutani, na siku ikifika unaingia kwa mlango wa nyuma kukanda unga. Nilikuwa nimempikia sherehe tatu namna hiyo. Nikaisoma kadi pale pale. Ilisema saa tano. Ilisema wangefurahia niwe nao. Jikoni hakukutajwa.

“Nitakujibu kwa barua,” nikasema.

“Barua! Woi, sikia huyu!”

Niliiandika mara sita, kila mara naona imeharibika. I am happy to accept your kind invitation. Nimekubali kwa furaha. Chini yake nikaeleza, bado kwa Kizungu, kwamba nitafika saa tano na binti yangu kama wageni, na kwamba kwa upishi atafute mwingine. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikaipeleka Kawangware kwa mkono wangu.

Aliifungua mbele yangu. Akaitazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakusogea kutoka mahali pamoja. Kisha akatikisa kichwa, vile vile, kama mtu wa supu tamu, na hapo nikajua. Hata ile Jumapili hakuwa ameelewa neno.

“Umeandika vizuri,” akasema. “Sasa hapa unasemaje?”

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu ya Kiswahili. Nilimkumbuka mtoto wangu mlangoni.

“Ni mambo ya shukrani tu, mama,” nikasema. “Tulia.”

Siku ya harusi nilivaa rinda la kijani kutoka Soko la Toi, binti yangu la njano. Saa tano kamili nikaonyesha kadi, msichana wa kupokea wageni akatupeleka chini ya hema, safu ya tatu. Nyuma ya nyumba marobota ya unga wa chapati yalikuwa yamepangwa, hayajafunguliwa. Wageni walikula wali na mchuzi, na nilisikia wazee wa upande wa bwana harusi wakiuliza, “Harusi gani hii haina chapati?” Nilifurahi. Nilimwona bibi harusi anainamisha uso, naye hakuwa amenikosea kitu. Bado nilifurahi.

Mwenye ploti akaja akiwa ametoa jasho mpaka kilemba kimelowa. Barua yangu ilikuwa mkononi mwake; bila shaka alikuwa ameshasomewa. Akaniinamia sikioni.

“Uliniambia ni shukrani.”

“Na wewe uliniambia ni kwaya.”

Akanitazama. Nilikuwa nimeyangoja hayo macho miaka.

“Kwaya gani?” akauliza.

Niliona anauliza kweli. Hakukumbuka. Nikafungua mdomo nimweleze, kuanzia kwa yule mama aliyeandika kiganjani, lakini aliitwa upande wa keki akaondoka. Binti yangu akanivuta mkono. Alitaka kujua kama tunaruhusiwa kuongeza wali. Nikamwambia tumealikwa. Akaenda na sahani zetu mbili, mrefu kuliko watoto wote waliokuwa kwenye foleni.