Baba Mkwe Alivyoanguka Siku ya Harusi Yangu

Wasichana, mtu wa kwanza niliyemwekea mdomo baada ya kuvishwa pete leo ni baba mkwe.

Msicheke.

Tulikuwa uwanjani mwa kanisa, Kalimoni, wageni wanapakuliwa chakula. Mzee akaanguka ghafla akisalimia watu. Hapumui, mapigo hakuna.

Mimi nesi, ningefanyaje? Nikapiga magoti na shela yangu, nikakandamiza kifua, nikainama kumpulizia hewa.

Wageni wakasimama na sahani mkononi. Mkamwana na baba mkwe, mbele ya watu wote!

Mama mkwe akasema polepole, "Endelea, mwanangu. Usimwachilie."

Wakampakia kwenye pikapu, nami humo nyuma nikaendelea kukandamiza hadi Thika. Shela inapepea, mashamba ya kahawa yanapita kama ndotoni, sauti zote ziko mbali.

Hospitalini wakamshtua kwa mashine ya umeme. Moyo ukashika! Baadaye akafungua macho, akauliza, "Wageni wamekula?"

Sasa niko saiba hapa mjini, nawaandikia kwenye kompyuta ya kukodi, bado na gauni.

Mashine yenyewe ya kushtua moyo, mtu mmoja anaibeba. Mbona isikae kanisani? Mnaonaje?

Mama mkwe ameshaamua: "Kesho namwambia pasta. Hizo spika mpya za kanisa zingoje, inunuliwe mashine kwanza."