Mtani wa Fortunata

Nimekuwa nikiandika siku zangu tangu nilipofika Dubai, na ukizifungua kurasa hizi utamkuta Fortunata karibu kila wiki. Si kwamba nampenda kuliko watu wengine. Ni kwamba yeye ndiye anayenitoa ndani.

Tunakaa chumba kimoja huku International City, upande unaoitwa Ufaransa. Usicheke. Mfaransa sijawahi kumwona hata wa dawa. Chumbani ni mimi, Nana wa Tanga, muuza manukato. Ni Fortunata wa Peramiho, Mngoni, msafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Mankhool. Na ni Precious wa Kitale, mhudumu wa mkahawa, ambaye akiudhika wanajua mpaka ghorofa ya chini.

Fortunata ni mrefu, mkimya akiwa kazini na msemaji akiwa barabarani. Kitanda chake hukitandika kihoteli, shuka limekazwa hata unaona haya kukikalia. Siku yake ya mapumziko ni Jumanne, na desturi yake siku hiyo ni kupanda basi lolote linalokuja mbele yake, kwenda nalo mpaka mwisho wa safari, kushuka, kutembea kidogo, kununua chai ya karak, ile nzito ya maziwa, na kurudi. Hana anachokwenda kufanya. Nilipomuuliza faida yake nini, alinijibu kwamba wiki nzima anafungua milango ya vyumba vya watu, walau siku moja na yeye aone nje. Basi nikaanza kumfuata. Viatu vyangu vimekwisha kwa ajili yake, na sijui kama ameshawahi kunishukuru.

Katika safari hizo ndipo tulipompata Yekoniya. Tulikuwa kwenye basi la kwenda metro, na Fortunata alikuwa anaongea Kingoni na baba yake, mzee Kasian, simu ikiwa kwenye spika maana mzee husema taratibu na kwa mbali. Mara sauti ya mwanamume ikatoka kiti cha nyuma, kubwa, kwa Kiswahili cha nyumbani chenye lafudhi ya Iringa kabisa.

"Jamani! Wala panya wamefika mpaka Dubai!"

Mimi nilimgeukia nikiwa tayari kwa vita. Fortunata akaniwahi. Uso wote umemkunjuka kwa furaha.

"Wewe Mhehe," akamwambia, "nani amekufungulia? Mbwa wa watu humu wamebaki salama kweli?"

"Nipe simu nimsalimie huyo mzee mkimbiaji."

Na akampa! Mtu asiyemjua! Yekoniya akamtukana mzee Kasian kwa adabu zote, akamwamkia shikamoo kwanza, kisha akamuuliza kama bado anakimbia akisikia Wahehe wanakuja. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu zao, huyu huitwa mla panya na yule mla mbwa. Sisi watu wa Tanga utani tunaujua, tunao na wenzetu, lakini kuukuta ndani ya basi lenye kiyoyozi, kati ya Wahindi waliosinzia, kulinifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Yekoniya alikuwa mlinzi wa jengo moja Al Jaddaf. Tangu siku hiyo yeye na Fortunata wakawa wanapigiana simu ili watukanane tu.

Mzee Kasian alifariki Jumapili. Fortunata alipigiwa simu na kaka yake, Protas, akiwa kazini na toroli la mashuka mkononi. Msimamizi wake, Raed, alimwombea mzee rehema, na nadhani alimwonea huruma kweli, lakini ruhusa ya kusafiri hakuwa nayo: hoteli imejaa na likizo yake ya mwaka ilikuwa imekwisha. Fortunata akasema sawa, sir. Akamaliza vyumba vyake vyote.

Hilo ndilo lililonitisha. Alirudi nyumbani, akafua sare, akaipiga pasi, akalala. Chozi hakuna. Jumatatu akaenda kazini kama kawaida. Chakula alikigusa kwa kijiko akakirudisha. Ukimwambia pole, anakujibu asante kwa sauti ile ile anayowajibia wageni wa hotelini. Nilimwogopa. Nimeona nyumbani kwetu mwanamke aliyemzika mumewe bila kulia, na baadaye alikuwa anakaa tu, hata watoto wake wakimwita haitikii. Sikutaka Fortunata afike huko, na sikujua nimfanye nini. Niliwapigia watu wa kanisani kwake waje Jumanne, siku ya mazishi. Na Yekoniya nikamwita.

Jumanne mchana tulisogeza vitanda, tukatandika mkeka. Wanawake wa kanisani wakasali rozari kwa sauti ya chini, kwa kuwa majirani wa zamu za usiku walikuwa wamelala. Protas alijitahidi kutuonyesha mazishi kwa simu. Tukaona miguu ya watu, tukaona mgomba, tukasikia wimbo, mtandao ukakatika. Fortunata aliendelea kukitazama kioo cheusi. Kisha akaifuta simu kwa upande wa kanga yake na kuiweka kando vizuri, kama anavyoweka vitu vya wageni.

Nilikuwa jikoni na sufuria ya wali wakati mlango ulipogongwa. Haya yanayofuata nilisimuliwa, maana feni ya jikoni inanguruma kama trekta. Yekoniya aliingia na kofia yake ya ulinzi, hakusema hodi wala pole.

"Nani kawapa ruhusa ya kukaa kimya hivi?" akauliza. "Mzee mla panya amekimbia tena, na safari hii amekimbilia shimoni!"

Kisha akajilaza chini, katikati ya mlango, akatangaza kuwa yeye ndiye marehemu na haendi kaburini mpaka apewe kuku.

Precious alikuwa hajawahi kuona jambo hilo maishani mwake. Kwao Kitale mtu akifanya hivyo matangani atapigwa.

"Ati nini? Wewe ni nani umekuja kutusi maiti?" akapaza sauti. "Mtu amefiwa na babake na wewe unaleta ujinga hapa? Toka! Toka sahi!"

Akamshika ukosi, akamwinua, akamtoa nje na kufunga mlango. Wanawake wa kanisani, wengi wao Waganda na Wakenya, wakamwambia amefanya vizuri.

Mimi nilitoka jikoni baada ya kusikia mlango ukibamizwa. Fortunata alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa anautazama mlango.

"Nani alikuja?" nikauliza.

"Mtani," akasema.

Ah, nilimpa Precious maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu nikashuka ngazi na mwiko mkononi. Nilimkuta Yekoniya kituo cha basi, amekaa kwenye kivuli, mnyonge kabisa.

"Dada Nana," akaniambia, "nimefukuzwa msibani. Mtani wa kufukuzwa msibani! Nikienda Iringa nitawaeleza nini?"

"Mkenya hajui. Inuka twende."

"Mwenyewe alisema nini?"

"Alisema neno moja tu: mtani. Tangu Jumapili hajalia, Yekoniya. Ukipanda basi hilo sina mwingine wa kumwita."

Basi lilikuja, likafungua milango, likafunga, likaondoka. Akavaa kofia yake, tukarudi.

Precious alitufungulia akiwa amenuna. Nilimweleza pale pale mlangoni kwamba huyu ndiye mwenye haki ya kusema yote kwenye msiba wa Mngoni, na kwamba kumtoa ni sawa na kumtoa padri. Yekoniya akamtoza faini ya paja la kuku kwa kumshika ukosi. Precious akasema aki nyinyi Watanzania mna shida, lakini akampisha.

Yekoniya akasimama katikati ya mkeka, mbele ya Fortunata.

"Kazi yangu leo ni kumwigiza marehemu," akasema. "Tatizo sauti yake naijua, mwendo wake siujui. Alikuwa anatembeaje?"

"Kawaida," Fortunata akajibu.

Yekoniya akatembea kifua mbele, mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya. "Hivi?"

"Hapana."

Akatembea akiyumba, akajishikiza kwenye friji, akaliomba friji msamaha. Mwanamke mmoja wa kanisani alificha uso kwa mtandio. "Hivi?"

"Hapana! Baba hakuwa mlevi. Wewe Mhehe hujui kitu."

"Basi na azikwe bila mwendo. Shauri yenu."

Fortunata akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akachukua fimbo ya mopu iliyokuwa pembeni, akaegemeza mkono wa kushoto kiunoni. Kisha akaanza kutembea kutoka mlangoni, mguu wa kulia ukiburuzwa kidogo, na yule hakuwa Fortunata tena. Alikuwa mzee. Kwenye kitanda cha kwanza alisimama, kama mzee anayepita kwa majirani asubuhi, akagonga chuma kwa fimbo.

"Hodi humu? Mmeamkaje? Kahawa imeanza kuiva?"

Akaenda cha pili. "Hodi humu? Yule mtoto homa imeshuka?" Akaenda cha tatu, chake mwenyewe, chenye shuka lililokazwa. "Hodi humu? Fortu hajarudi bado?"

Akasubiri kama anayesikiliza jibu. Mbele yake palikuwa na ukuta tu. Fimbo ikamponyoka, akapiga magoti, akaliita jina la baba yake kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka barabarani. Aliyemfikia kwanza ni Precious, akamkumbatia pale chini, naye analia bila kujua anamlilia nani. Sote tukalia. Hakuna aliyewakumbuka majirani.

Yekoniya alivua kofia akasogea ukutani, kazi yake imekwisha. Mlango ulipogongwa tena, yeye ndiye aliyetoka. Alikuwa mlinzi wa jengo letu, amekuja kuuliza kelele hizo ni za nini. Nilimsikia Yekoniya akimwambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, taratibu, kama mlinzi na mlinzi mwenzake, kwamba atuvumilie kidogo, tunamzika baba.